Kabla ya Kubofya: Kiungo Kiseme Nini Kishale Kikipita Juu Yake?

Machi 2014 Google iliondoa mistari iliyokuwa chini ya viungo katika ukurasa wake wa matokeo ya utafutaji kwenye kompyuta. Vichwa vya matokeo vilibaki na rangi ya buluu, lakini mstari ukawa hauonekani mpaka kishale cha kipanya kifike juu ya kiungo. Ukurasa ulipungua msongamano, na mtumiaji hakupoteza kitu: anajua tangu zamani kwamba kila kichwa kwenye ukurasa ule kinabofyeka. Tovuti nyingi nazo huficha alama ya kiungo kwa mtindo huohuo bila kuwa na faida hiyo. Katika habari ya gazeti, maelekezo ya leseni au duka la mtandaoni, msomaji hana namna ya kujua mapema ni maneno gani yanabofyeka na yapi ni maneno tu.

Swali basi ni hili: kiungo kibadilike vipi kishale kinapopita juu yake, na badiliko hilo libebe mzigo gani? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mwitikio wa kishale ni mahali pazuri pa kuthibitisha jambo ambalo msomaji ameshaliona, na mahali pabaya pa kulificha. Kinachoonekana kwa kishale peke yake, kwa msomaji wa simu hakipo. Na katika Afrika Mashariki msomaji wa simu ndiye msomaji wa kawaida. Mwenye kipanya ni wa ofisini.

Jambo hili lilianzia wapi

Viungo vya wavuti havikutegemea kishale tangu mwanzo. Mhandisi Douglas Engelbart alikuwa ameonyesha kipanya hadharani San Francisco Desemba 1968, lakini wavuti ya Tim Berners-Lee ilipotoka CERN mwaka 1991, mojawapo ya vivinjari vyake vya kwanza, kilichoandikwa na Nicola Pellow, kilikuwa cha maandishi matupu. Kila kiungo kilipewa namba, na msomaji aliandika namba hiyo kwenye kibodi ili kukifuata. Hapakuwa na cha kupitisha juu ya neno, na kazi ilifanyika.

Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993 ndicho kilichoeneza viungo vya buluu vyenye mstari chini. Alama hiyo ilijitosheleza: mtu aliitambua kabla hajashika kipanya. Netscape Navigator 3, mwaka 1996, iliwawezesha watengenezaji wa tovuti kubadilisha picha kwa JavaScript pale kishale kinapofika. Vitufe vikachorwa mara mbili, kimoja kilichotulia na kingine kinachong'aa, na vyote viwili vikapakuliwa kwa modemu za laini ya simu. Ulikuwa mtindo ghali uliopendwa mno.

Toleo la kwanza la CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, Desemba 1996, halikuwa na kanuni ya kishale. Toleo la pili, Mei 1998, lilileta :hover kwa ajili ya kishale na :focus kwa ajili ya anayetembea kwa kibodi, zote kwa pamoja. Ni njia mbili za kufika mahali pamoja. Watengenezaji wengi wakachukua ya kwanza na kuisahau ya pili, na sehemu kubwa ya matatizo ya leo imetokana na usahaulifu huo.

Maswali matatu ya msomaji

Kishale kinapotua juu ya kiungo, ni kama mtu aliyepiga hodi: hajaingia, anangoja kuitikiwa. Anauliza mambo matatu. Je, hapa panabofyeka? Je, nipo juu ya kile ninachokitaka? Na nikibofya, nitapelekwa wapi?

Swali la kwanza lilipaswa kujibiwa zamani. Msomaji akilazimika kupapasa ukurasa kwa kishale ili kugundua viungo, msanifu ameshashindwa. Hapa hesabu ya rangi inasaidia kuliko ladha. WCAG, mwongozo wa shirika la W3C kuhusu tovuti zinazofikika na watu wote, hupima tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1 na kufikia 21 kwa 1, ambao ni wa maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Kwa anayetaka kutambulisha viungo kwa rangi tu, bila mstari, mbinu inayokubaliwa na W3C inadai mambo mawili zaidi: rangi ya kiungo itofautiane na maneno yanayokizunguka kwa angalau 3 kwa 1, na alama ya ziada ijitokeze kishale au kibodi inapokifikia.

Ukipiga hesabu utaona uwanja ulivyo mwembamba. Kama maandishi ni meusi kabisa juu ya nyeupe, rangi ya kiungo lazima iwe kati ya 4.5 na 7 dhidi ya nyeupe. Ikizidi 7, imeukaribia mno weusi wa maneno jirani. Buluu ya kawaida ya vivinjari, yenye msimbo #0000EE, ina uwiano wa takriban 9.4 dhidi ya nyeupe, kwa hiyo dhidi ya nyeusi inabaki na 2.2 tu. Maana yake, katika kiungo cha buluu tulichokizoea, ni mstari unaofanya kazi tuliyodhani inafanywa na rangi. Ukiuondoa mstari huo na kuuacha urudi kwa kishale pekee, umeondoa alama yenyewe. Anayesoma kwa simu ya bei nafuu kwenye jua la saa saba mchana atakuwa wa kwanza kupata shida.

Swali la pili ndilo shamba halali la mwitikio wa kishale. Katika orodha ndefu ya matokeo ya mtihani, jedwali la bei, au menyu yenye vipengele vilivyobanana, msomaji anahitaji kuhakikishiwa kwamba mkono wake uko kwenye mstari wa tano na si wa sita. Kubadilisha kidogo mandharinyuma ya mstari mzima hutosha. Jibu hilo lije haraka: mtaalamu wa urahisi wa matumizi Jakob Nielsen, katika maandishi yake ya mwaka 1993, aliweka sehemu ya kumi ya sekunde kuwa mpaka ambao chini yake mtu huhisi mashine imeitikia papo hapo. Mwitikio ukichelewa kupita hapo, mkono unakuwa umeshahama.

Jibu hilo pia husema ukweli kuhusu ukubwa wa eneo linalobofyeka. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali na upana wake. Tovuti nyingi za habari huweka picha, kichwa na muhtasari ndani ya kisanduku kimoja, kisha kisanduku chote hunyanyuka kishale kikipita ilhali panapobofyeka ni kichwa peke yake. Huo ni uongo mdogo wenye gharama. Kisanduku kikiitikia chote, basi kibofyeke chote.

Anwani iliyo kwenye kona

Swali la tatu, la wapi ninapelekwa, lina jibu ambalo si la msanifu. Vivinjari vya kompyuta huonyesha anwani ya kiungo kwenye kona ya chini kishale kinapotua. Ndiyo maana ushauri wa kujikinga na matapeli wa mtandaoni hurudia jambo hilo: pitisha kishale, soma anwani, kisha amua. Anwani isomwe hadi mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti. Jina la wizara likitangulia na mwisho wake usiwe .go.tz kwa Tanzania au .go.ke kwa Kenya, hiyo si tovuti ya serikali hata kama nembo imenakiliwa vizuri.

Lakini kinga hiyo ina matundu. Zamani JavaScript iliweza kuandika chochote kwenye sehemu hiyo ya chini, na kurasa nyingi zilipitisha humo matangazo yanayokimbia. Vivinjari vikaja kuizuia. Hadi leo programu ya ukurasa inaweza kubadilisha mwelekeo wa kiungo sekunde ileile kitufe cha kipanya kinapobonyezwa, baada ya anwani nyingine kuwa imeshaonyeshwa. Na kwenye simu kona hiyo haipo. Mwenye simu hubonyeza kiungo na kukishikilia hadi anwani itokee, mbinu ambayo wengi hawajawahi kufundishwa, ilhali viungo vya utapeli wa «bando la bure» vinamfikia kwa WhatsApp kwenye simu hiyohiyo.

Kwa tovuti halali somo ni moja: maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda. Kurasa zetu zimejaa «bofya hapa» na «soma zaidi», na wasanifu hujaribu kufidia umaskini huo kwa maelezo madogo yanayochomoza kishale kikipita. Maelezo hayo, yanapowekwa kwa sifa ya HTML iitwayo title, kwa kawaida hayamfikii mtumiaji wa simu wala wa kibodi, na programu za kuwasomea wasioona huyashughulikia kila moja kwa namna yake. Kiungo kilichoandikwa «Pakua fomu ya maombi ya leseni, PDF, MB 3» hakihitaji fundi wa rangi. Anayelipia bando amejua gharama kabla ya kugusa.

Menyu zinazofunguka na kadi zinazochomoza

Hadi hapa tumezungumzia kiungo kinachobadilika rangi au mstari. Hatari huongezeka pale kishale kinapofungua kitu kipya: menyu ndogo, kadi ya muhtasari, picha iliyokuzwa.

Menyu zina ugonjwa unaojulikana. Msomaji anataka kutoka kwenye kipengele cha kushoto kwenda kwenye orodha iliyofunguka kulia, naye kwa kawaida anakata mshazari. Njiani kishale kinapita juu ya kipengele cha pili, menyu inabadilika, na alichokuwa anakiendea kinatoweka. Mwaka 2013 mhandisi Ben Kamens alichambua jinsi Amazon ilivyolitatua: programu huchora pembetatu isiyoonekana kutoka kwenye kishale hadi kwenye pembe mbili za orodha ndogo, na maadamu kishale kinasogea ndani ya pembetatu hiyo, menyu haibadiliki. Kwa menyu kubwa, Nielsen amependekeza kungoja nusu sekunde kabla ya kuifungua, na nusu sekunde nyingine kabla ya kuifunga kishale kikishatoka. Tiba zote mbili zinakiri kwamba kupita mahali si kutaka mahali hapo. Mtu anayekatiza ukurasa kwenda kona nyingine hajaomba kufunguliwa menyu saba njiani. Ndiyo maana mara nyingi menyu inayofunguka kwa kubofya ina faida: haikisii, inaambiwa.

Kadi za muhtasari zina mfano mzuri kwenye Wikipedia. Aprili 2018, baada ya matoleo mengi ya lugha nyingine, toleo la Kiingereza liliwawekea wasomaji wake kadi inayotokea kishale kikitua juu ya kiungo: mwanzo wa makala inayohusika, pamoja na picha kama ipo. Msomaji anayekutana na jina la mfalme asiyemjua anapata sentensi mbili tatu, anaendelea na aya yake, na hajapoteza mahali alipokuwa. Asiyezipenda anaweza kuzizima.

Ubora wa kadi hizo hautokani na msimbo pekee. Makala za Wikipedia zina desturi ya kuanza kwa kueleza mada ni nini, kwa hiyo aya ya kwanza inafaa kusimama peke yake. Tovuti ya habari inayoanza kila taarifa kwa «Imeelezwa kuwa» haina cha kuonyesha kwenye kadi. Katika toleo la Kiswahili, lililoanza mwaka 2003, makala fupi zinazoitwa mbegu huwa na sentensi chache tu, na kadi inaweza kukupa karibu makala nzima bila kupakua ukurasa wa pili. Muhimu zaidi, msomaji wa simu asiyeiona kadi hiyo hakosi habari: akigusa kiungo, makala inafunguka. Kadi inaongeza urahisi, na habari imebaki mahali pake. Hicho ndicho kipimo cha mwitikio wowote unaofichua.

Walioachwa nje

Kwenye skrini ya kugusa kidole hakielei juu ya kitu. Ama kimegusa au hakijagusa. Vivinjari vya simu vimejaribu kuokoa kurasa za zamani kwa kuigiza kishale, na matokeo yake ni vituko viwili. Kwenye iPhone, kama mguso wa kwanza umefanya kitu kipya kionekane, Safari huweza kuishia hapo, na kiungo hufuatwa kwa mguso wa pili. Mtumiaji hudhani simu imekwama. Cha pili ni rangi inayong'ang'ania: kitufe kinabaki kimewaka baada ya kuguswa, kana kwamba bado kimechaguliwa.

Watengenezaji wa simu wenyewe wamejaribu kukirudisha kishale kwenye kidole. Samsung Galaxy S4 ya mwaka 2013 ilitambua kidole kilichokaribia skrini bila kuigusa. Apple, mwaka 2015, ilileta kioo kinachopima nguvu ya mbonyezo ili kuchungulia kiungo, kisha ikakiacha mwaka 2019. Kubonyeza na kushikilia ndiko kulikobaki. Historia hiyo inawafundisha wasanifu wasingoje teknolojia iwaokoe.

Kundi la pili ni wanaotumia kibodi: wenye mikono inayotetemeka, wasioona, na hata wahasibu wenye haraka. Kwao kitufe cha Tab ndicho kipanya. Kila kanuni ya :hover iandamane na ndugu yake wa kibodi, na leo kuna :focus-visible, inayokiachia kivinjari kuamua lini alama ya kibodi inahitajika. Kosa linalorudiwa ni kufuta fremu inayokizunguka kiungo kibodi inapokifikia kwa sababu haipendezi, bila kuweka alama nyingine. Anayetumia kibodi hubaki hajui yupo wapi kwenye ukurasa.

Kundi la tatu ni wenye uoni hafifu wanaokuza skrini mara nne au tano. Kwao kadi inayochomoza huweza kufunika nusu ya wanachokiona, na wakisogeza kishale ili kuisoma yote, inafungika. Ndiyo sababu WCAG 2.1 ya Juni 2018 iliweka masharti matatu kwa kitu chochote kinachotokea kwa kishale au kibodi: kiweze kuondolewa bila kuhamisha kishale, kwa mfano kwa kitufe cha Esc, kishale kiweze kuingia ndani yake bila kukifunga, na kisitoweke chenyewe kabla msomaji hajamaliza. Toleo la 2.2, Oktoba 2023, likaongeza kwamba shabaha za kubofya, pamoja na misamaha kadhaa, zisipungue pikseli 24 kwa 24. Kuna pia wanaopata kizunguzungu vitu vikirukaruka. Mfumo wa simu au kompyuta unaruhusu kuomba mwendo upunguzwe, na CSS inaweza kulisikia ombi hilo kupitia prefers-reduced-motion.

Ufundi wenyewe

Badiliko jema halisogezi kitu. Kukoleza herufi kishale kikipita ni kosa la kawaida: herufi nene huchukua nafasi zaidi, neno linatanuka, na mstari mzima unatikisika. Badili rangi, mandharinyuma au unene wa mstari wa chini, navyo havisukumi majirani. Ukitaka kitu kinyanyuke, tumia transform au opacity, ambazo kivinjari huzitekeleza bila kupanga upya ukurasa. Kubadilisha upana au pambizo hulazimisha upangaji mpya, na kompyuta dhaifu hukwama. Muda wa milisekunde 100 hadi 200 unatosha. Unaozidi hapo humchelewesha anayerudi kila siku.

Mstari nao una mapambo yake. Kiswahili kimejaa g, j, p na y, herufi zenye mikia, na mstari ukizikata «ng'ombe» na «jengo» husomeka kwa shida. Vivinjari vya sasa huruka mikia hiyo vyenyewe, na text-underline-offset hushusha mstari kidogo. Kiungo kinaweza kuwa na mstari mwembamba wakati wote, ukawa mnene kishale au kibodi inapofika. Hilo linakidhi ladha ya wanaochukia mistari na haki ya wanaoihitaji.

Miitikio ya kishale ifungiwe ndani ya sharti la CSS, @media (hover: hover), ili ifanye kazi pale tu kifaa kikuu cha mtumiaji kinapoweza kuelea. Hapo rangi inayong'ang'ania kwenye simu inaisha. Kuna pia matumizi yasiyoonekana kabisa: kuanza kupakua ukurasa ujao kishale kinapotulia juu ya kiungo. Programu ndogo ya instant.page hungoja milisekunde 65, kisha huanza kuvuta, na ukurasa huonekana kufunguka ghafla. Ni mbinu nzuri ofisini penye intaneti isiyo na kikomo. Kwa kompyuta iliyounganishwa kwenye bando la simu, kila kiungo kilichopitiwa bila kubofywa ni data iliyolipiwa na haikusomwa, kwa hiyo mbinu hiyo itumike kwa viungo vichache na iheshimu hali ya kuokoa data.

Mpangilio wa kazi

Yote haya yanaelekeza kwenye mpangilio mmoja, ambao timu ndogo ya tovuti inaweza kuufuata bila bajeti. Kwanza ukurasa uundwe kana kwamba kishale hakijavumbuliwa: maneno ya viungo yajieleze, alama ya kiungo ionekane, menyu zifunguke kwa kugusa. Pili, upitiwe wote kwa kitufe cha Tab, na pale jicho linapopotea pawekewe alama. Mwisho kabisa ndipo kishale kipewe mwitikio wake, na kila mwitikio uulizwe unathibitisha nini ambacho ukurasa umeshakisema. Usiojibu ufutwe. Ufichao bei, kitufe cha kufuta au maelezo ya fomu urudishwe wazi ukurasani.

Wengi hufanya kinyume, kwa sababu tovuti hubuniwa kwenye kompyuta kubwa na kuidhinishwa na mkurugenzi anayeiona ukutani kwa projekta, kishale kikipita na vitu vikichangamka. Uidhinishaji huo ungefanyika kwa simu ya mkononi, mapambo mengi yasingepita, na muda uliotumika kuyatengeneza ungekwenda kwenye maneno ya viungo vyenyewe.